Ngano ya Mirel

Jumamosi, 2 Machi
Asubuhi 188. Jioni 264.

Daftari hili nimepewa na Aurica, muuguzi wa kijiji, niandike sukari ya mama mkwe wangu mara mbili kwa siku pamoja na alichokula. "Namba na chakula tu, Stanca," kaniambia, "usinitungie hadithi." Lakini daftari lina kurasa mia moja, na mimi humu ndani sina wa kuzungumza naye. Mume wangu Ilarie yuko Hispania anajenga nyumba za watu. Mama yake, Safta, ameniachia mimi.

Mama Safta ana miaka sabini na tisa na kisukari cha miaka kumi na minne. Wiki iliyopita aliegemeza mguu kwenye jiko la kuni akasinzia. Moto haukumuuma, kwa sababu miguu yake siku hizi haisikii kitu. Harufu niliisikia mimi, nikiwa nje. Sasa ana kidonda kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia, na Aurica anasema kidonda cha namna hiyo hakiponi kama damu imejaa sukari. Kanichorea sahani kwenye karatasi: nusu mboga, robo samaki au nyama au yai, robo ugali au mkate. Nimepika shuleni miaka ishirini na miwili na sihitaji kuchorewa sahani, lakini nimeibandika ukutani ili mama aione.

Leo ilikuwa Jumamosi ya wafu. Nilichemsha kilo tano za ngano kwa ajili ya mwanangu Mirel, aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi hukohuko Hispania, miaka sita sasa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Wenzangu huchemsha kilo moja, wakizidisha mbili. Mimi naweka sukari, kokwa za jozi, maganda ya limau, na juu nachora msalaba kwa unga wa kakao. Hiyo ndiyo koliva. Padri akishaisomea naigawa kwenye vikombe vya plastiki, kila kimoja nacho nakichorea msalaba, namwambia kila mtu, "Hii ya Mirel," naye anajibu, "Mungu aipokee." Akila yeye, Mirel naye amekula huko aliko. Mtu wa nyumbani hapokei sadaka ya nyumbani, sharti iende nje kwa majirani. Kwa hiyo mama Safta, ambaye hata kanisani hakwenda kwa ajili ya mguu, hakuonja hata punje.

Mchana alikula supu ya kabichi, yai moja na kipande cha ugali kama kiganja. Hii 264 siielewi.

Jumapili, 3 Machi
Asubuhi 291. Nimemuuliza amekula nini. Kanitazama machoni, kasema hajala kitu. Ana macho ya mtu asiyesema uongo, ndiyo maana anaudhi.

Jumanne, 5 Machi
190. Theluji tena. Nimefunga kidonda.

Jumamosi, 9 Machi
Sikukuu ya Mashahidi Arobaini. Jirani yetu Tudora kaja na bakuli la vitumbua vya unga vinavyoelea kwenye asali. Nikamrudishia mlangoni.

"Tudora, nyumba hii ina mgonjwa wa sukari."

"Asali si sukari, shoga. Asali kaiumba Mungu."

"Na sumu ya nyoka kaiumba nani?"

Kaondoka amenuna. Jioni 181. Nikajisifu kwamba mchawi nimemjua.

Jumatatu, 11 Machi
Kwaresima imeanza. Mama Safta katangaza anafunga kama alivyofunga siku zote: nyama hapana, maziwa hapana, yai hapana, samaki hapana, na siku tatu za kwanza hali kabisa mpaka jua lizame.

"Mama, daktari amesema ule mara tatu kwa siku. Vidonge unavyomeza haviendi na njaa."

"Huyo daktari ana miaka mingapi?"

"Labda thelathini na tano."

"Mimi nimefunga Kwaresima sabini na mbili. Akizifikisha aje tuzungumze."

Jumatano, 13 Machi
Saa tano asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba napasua kuni. Nikasikia kitu kimeanguka jikoni. Nilimkuta chini, nguo zimelowa jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Kipimo kikasema 52. Vidonge alikuwa amevimeza asubuhi, kwa uaminifu wote, juu ya tumbo tupu.

Wiki tatu nimekuwa nikifungia sukari kabatini na ufunguo naufunga shingoni. Leo ufunguo ukanishinda kuutoa, nikauvuta mpaka uzi ukakatika. Nikakoroga vijiko vitatu kwenye maji nikamnywesha kidogo kidogo, nimempakata kama mtoto. Baada ya robo saa rangi ikarudi. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Umenivunjia mfungo."

Nikatoka nje nikakaa juu ya gogo. Nimechoka. Siandiki kwa kulalamika, naandika kwa sababu ni kweli. Nina miaka hamsini na tisa na ninampiga vita bibi kizee juu ya uji.

Ijumaa, 15 Machi
Aurica kaja kamfokea. Yeye mama anamwogopa kidogo, kwa sababu ndiye anayeshika sindano. Wamekubaliana: atakula mara tatu, lakini chakula cha mfungo tu.

Sasa chakula cha mfungo ndicho kinachoniua. Watu wote hapa wanaamini ni chepesi. Mkate mweupe, viazi, wali, jemu ya plamu, halua: havina damu wala maziwa, basi havina madhara. Namweleza kwamba kipimo hakijui Kwaresima. Nimemtengenezea dengu, uyoga, kabichi iliyochachushwa, maharagwe nusu kikombe yaliyopondwa na kitunguu. Mkate mweusi, kipande kimoja. Kala huku akisema kwamba hata gerezani wanapewa viwili.

Jumamosi, 16 Machi
Jumamosi ya Mtakatifu Theodor; kuanzia hii, Jumamosi za Kwaresima ni za wafu. Koliva. Nimechemsha kilo tano kama kawaida, nikaigawa yote, na vikombe vya kuongeza nikampa Tudora awapelekee wajukuu zake. Tumepatana.

Jioni 302.

Jumapili, 17 Machi
Asubuhi 318. Wakati mama yuko chooni nimepekua kitanda chake, mto, mifuko ya aproni, sanduku la nguo alizoziweka tayari kwa kuzikiwa. Aliporudi alinikuta na soksi zake mkononi.

"Unatafuta nini kwenye soksi zangu?"

"Sukari."

"Umeipata?"

"Sijaipata."

"Basi zirudishe kama zilivyokuwa, mbili mbili."

Kidole kimekuwa cheusi kwenye ncha. Nimempigia simu Ilarie. Kasema, "Mpe kidogo anachotaka, ni mzee." Kutoka Hispania ni rahisi kuwa mtoto mwema.

Jumatano, 20 Machi
171. Tope hadi mlangoni.

Alhamisi, 21 Machi
168. Sina la kuandika.

Jumamosi, 23 Machi
Koliva. Jioni 296. Kidonda kinanuka. Nimefungua dirisha, kasema anasikia baridi, nimelifunga.

Usiku niliwaza jambo ambalo sitamwambia padri: kwamba wakiukata huo mguu, angalau nitajua yuko wapi na anakula nini. Nimeliandika ili nilione lilivyo baya.

Jumatatu, 25 Machi
Sikukuu ya Malaika na Mariamu. Siku hii kanisa linaruhusu samaki. Nimemchomea kambare wa mtoni kwetu, na saladi ya figili, bila mkate. Kamla mpaka macho. Jioni 149.

"Unaona?" nikamwambia. "Malaika angekuwa anakuja kila wiki, mguu ungepona."

Kacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka. Mirel ndiye aliyekuwa anamchekesha. Mirel alilelewa na yeye, mimi nikiwa shuleni napikia watoto wa wenzangu. Alipoanza kusema, neno "mama" alimpa yeye kwanza. Nilimwonea wivu kwa hilo miaka mingi, na nadhani bado.

Jumatano, 27 Machi
Hospitali mjini. Daktari wa upasuaji ni mwanamke kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Alikigusa kidole kwa sindano, mama hakutikisika.

"Bibi, kidole hiki kimekufa. Wiki ijayo nakiondoa."

"Na mguu?" nikauliza.

Akalichukua daftari hili, akafunua, akapitisha kalamu kwenye namba. Nilitamani kumnyang'anya kwa sababu ya haya mengine, lakini alisoma namba tu. "Mguu utategemea hizi. Zikibaki mia tatu, kidonda hakitafunga. Itakapofika Pasaka nitakuwa nakata chini ya goti. Zikishuka chini ya mia na themanini zikatulia, naweza kuuokoa. Mimi nitafanya kazi ya saa moja. Kazi nyingine yote iko jikoni kwenu."

Tulipokaribia nyumbani mama kaniuliza, "Wakinizika nusu, Stanca, kule nitamwendea Mirel kwa kurukaruka?"

Nilimshika mkono, kitu ambacho hatujazoea.

Jumamosi, 30 Machi
Lazima niandike leo leo, kesho nitaanza kujitetea.

Asubuhi ngano ikichemka nilikaa na daftari nikasoma namba toka mwanzo, kama alivyofanya yule daktari. Siku za wiki zinapanda na kushuka kama za binadamu. Zile kubwa, za karibu mia tatu, ziko mahali pamoja: tarehe 2, tarehe 16, tarehe 23, na Jumapili zinazofuata. Jumamosi za koliva. Tarehe 9 haikuwa na koliva, nayo ilikuwa 181. Nilisema moyoni: Tudora. Anamletea za kwao, kwa kuninunia.

Kanisani niligawa vikombe, na Tudora alipotoka na mfuko nikamwacha atangulie, kisha nikaondoka bila kungoja sala ya mwisho. Nilirudi kwa njia ya nyuma, kwenye miti ya plamu. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Tudora alikuwa nje amesimama juu ya ndoo iliyogeuzwa juu chini, na kutoka kwenye mfuko alikuwa akitoa kikombe baada ya kikombe. Mama Safta alikuwa ndani, mguu juu ya kigoda, na kijiko mkononi. Vikombe vitatu vilikuwa tayari vitupu mbele yake. Kile alichokuwa anakila kilikuwa bado na nusu ya msalaba wa kakao. Msalaba wangu. Kakao yangu.

"Shuka hapo," nikamwambia Tudora.

Alishuka. Hakukimbia. "Stanca, kabla hujanitukana, nisikilize."

"Unamuua mama mkwe wangu kwa mikono yangu mwenyewe, halafu nikusikilize?"

"Kaniomba yeye. Nilimkatalia mara mbili."

"Kakuomba nini?"

Akamtazama mama dirishani, kama anayeomba ruhusa. Mama akatikisa kichwa. Tudora akasema hata hivyo. "Watu hawaili tena, Stanca. Vijana hawataki ngano, wazee wamepewa vikombe vinane vinane. Wewe unapika kilo tano. Wanakushukuru mbele yako, wakifika nyumbani wanamwaga. Kwangu pia, wajukuu hawagusi. Tangu mwaka jana nilikuwa nawapa kuku. Mama yako aliniona juu ya uzio."

Nikamwangalia mama. Kijiko alikuwa bado amekishika.

"Walikuwa wanawapa kuku," akasema. "Cha Mirel, Stanca. Kuku watatu walikuwa wanagombania, na mmoja kakalia msalaba. Mtoto anakaa kule anangoja Jumamosi mpaka Jumamosi. Mimi nilimlisha toka hajaota jino. Unataka nimwangalie kuku akila sahani yake?"

"Kwa hiyo ulikuwa unakusanya."

"Tudora anazunguka kwa wale anaowajua. Vile wasivyovitaka ananiletea. Kutoka kwa Tudora naruhusiwa, si mtu wa nyumba hii. Nakula vyote, sibakizi, ili asibaki na njaa." Kisha akasema polepole, "Mimi mwenyewe sikipendi, unajua. Unaweka limau nyingi."

Nilikaa chini pale nje, kwenye tope. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimekitia sukari na kukichorea msalaba. Kilo tano kila mara, ili kijiji kizima kione nilivyompenda, na mwanamke mmoja mwenye kisukari akazimaliza kwa sababu yeye alimpenda kweli. Nimemwita mwizi moyoni mwangu mwezi mzima. Nimemhesabia soksi.

Tudora alinisaidia kuinuka. Jioni 344. Ndiyo kubwa kuliko zote.

Jumatano, 3 Aprili
Kidole kimeondolewa. Alikuwa macho muda wote. Kamuuliza daktari kama anaweza kukichukua akakizike mahali pake kaburini. Daktari kasema hapana, utaratibu hauruhusu. Mama kasema, "Basi mkiombee."

Jumatatu, 8 Aprili
Tumerudi nyumbani. 177. Miti ya plamu imetoa maua, sikuiona ilipoanza.

Nimewapitia wote wanaopewa vikombe vyangu, nyumba kumi na moja, nikawaambia Jumamosi sileti. Hakuna aliyeshangaa. Wawili walishusha pumzi. Hilo liliniuma kuliko kidole.

Jumamosi, 13 Aprili
Sikuchemsha ngano. Sufuria kubwa liko juu ya kabati, nimeligeuzia mgongo siku nzima.

Mama Safta kagoma kula. Asubuhi hapana, mchana hapana. "Kama yeye hali, mimi nile kwa nini?" Nikamkumbusha ile 52, nikamwambia leo nikimkuta chini simwinui. Ni uongo na anajua. Saa kumi alikubali dengu na nusu kipande cha mkate mweusi, akala akiangalia ukuta.

Jioni Ilarie kapiga simu. Kila Jumamosi ya wafu anauliza swali lilelile.

"Umempikia mtoto?"

"Sijapika."

"Stanca. Atakula nini?"

"Ilarie, tangu Machi ianze mtoto wako amekuwa akila mguu wa mama yako."

Nikamweleza yote. Alilia. Mwanamume wa miaka sitini analia kwenye simu na nyuma yake nasikia wenzake wanacheza karata. Yeye ndiye aliyekuwa pale chini ya jukwaa siku ile. Hatujawahi kulizungumza, na leo pia hatukulizungumza. Lakini hakukata simu.

Jioni 139.

Jumanne, 16 Aprili
Padri Visarion kaja, nilimwita mimi. Mama alijifunga kitambaa kizuri akakaa wima.

"Mama Safta, mgonjwa hafungi. Nakuruhusu samaki na mayai kuanzia leo."

"Ruhusa hiyo kakupa nani, baba?"

"Kanisa."

"Kanisa lilikuwa wapi nilipokuwa na homa ya mapafu mwaka ule wa theluji kubwa? Nilifunga."

"Na hii koliva," padri akaendelea, mtu mvumilivu, "wafu hawana tumbo, mama. Hawashibi wala hawaoni njaa. Mungu anatazama mkono uliotoa."

"Kama hawana tumbo," mama akasema, "ile mikate unayopelekewa kila Jumamosi inaingia tumbo la nani?"

Padri alicheka mpaka kofia ikasogea. Mimi niliona aibu, halafu nikacheka na mimi. Waliafikiana hivi: samaki atakula. Yai atangoja Pasaka kama Wakristo wengine.

Padri alipokuwa anaondoka nilimuuliza nje, kwa sauti ndogo, kama ana hakika kuhusu tumbo. Mimi nimesoma, nimepika kwa vipimo maisha yangu yote, na bado nilimuuliza. Alinijibu kwamba ana hakika. Alijibu haraka mno.

Alhamisi, 18 Aprili
155. Mvua.

Jumamosi, 20 Aprili
Jumamosi ya Lazaro. 158 asubuhi, 162 jioni. Samaki, kabichi, kipande kidogo cha ugali. Amekula bila vita, lakini bila neno. Afadhali angenitukana. Amekonda, na nyumba ina ukimya ambao siupendi. Mguu unapona na yeye anazima.

Jumanne, 23 Aprili
Mjini. Daktari kafungua bandeji, kaangalia muda mrefu. Nyama ni nyekundu, ngozi mpya inaingia toka pembeni. "Mkiendelea hivi, mguu anao," kasema. "Nani kapika?"

Mama kaninyooshea kidole bila kunitazama.

Nilidhani nitafurahi. Nilihisi usingizi tu. Njiani nikasema, "Mama, umesikia? Mguu unao."

"Nimesikia. Keshokutwa ni Alhamisi Kuu. Wafu wote wanashuka asubuhi kuja majumbani, wanakaa mpaka Pentekoste. Watakuta sahani kila nyumba isipokuwa kwetu." Kisha akasema bila ukali, na ndiyo iliyoniogopesha, "Tudora ataniletea kidogo. Mara moja tu. Usinizuie, Stanca. Nitakupa mguu baada ya hapo."

Nilimfunga kitambaa vizuri shingoni.

Alhamisi, 25 Aprili
Niliamka kabla hakujapambazuka, nikawasha moto uani kama wanavyowasha wote leo, ili wanaokuja wapate kuota. Kijiji kizima kilikuwa na moshi. Halafu nikachukua kisu na glavu, nikaenda kwenye uzio ambako majani ya kuwasha yamechipuka, nikachuma kapu zima. Nikayachemsha mpaka yakaacha kuwasha, nikayaponda na kitunguu saumu na chumvi, nikayatia mafuta kijiko kimoja. Pembeni kipande cha samaki. Nikavitia kwenye bakuli jipya la udongo, nikabandika mshumaa ukingoni.

Tudora alikuwa amefika langoni na kikombe kimefunikwa kwa leso. "Kaniapisha, Stanca," akasema.

"Najua. Ngoja hapo kidogo."

Mama Safta alikuwa amekaa kitandani, amevaa, anatazama dirishani. Nilisimama mbele yake nikamnyooshea bakuli kwa mikono miwili, kama ninavyofanya kwa watu wa nje.

"Hii ya Mirel," nikasema.

Alilitazama, akanitazama. "Mtu wa nyumbani hapokei ya nyumbani. Unajua."

"Najua. Lakini huko nje wanawapa kuku. Katika kijiji hiki kizima mtu anayekula mpaka mwisho ni mmoja. Nimpe nani mwingine?"

Nje nilimsikia Tudora anakohoa moshi. Nilikuwa nimeamua: akikataa, nitamfungulia Tudora mlango mwenyewe, nitatoka, sitapima sukari jioni. Sikuwa na nguvu nyingine iliyobaki. Mikono ilianza kuniuma kwa uzito wa bakuli.

Akalipokea. "Mungu aipokee," akasema.

Akachukua kijiko, akala la kwanza, akatafuna taratibu kwa meno aliyonayo. Akala la pili. Nilikaa kando yake kitandani.

"Mirel hakuyapenda haya majani," akasema.

"Hakuyapenda kabisa. Alikuwa anamtupia mbwa chini ya meza akidhani sioni."

"Nilikuwa namwona na mimi." Akala kijiko kingine, akafuta ukingo wa bakuli kwa kidole ili kisibaki kitu. "Basi atazoea. Mimi nimezoea."